Umepika asali ya mnazi nyumbani, sasa unamuuzia nani? (Mtwara na Lindi)

Kwanza tuelewane tunaongelea nini, maana huku kusini ukisema asali mtu anawaza nyuki wa Liwale moja kwa moja. Hii ya leo ni ile inayopikwa kwa tembo tamu la mnazi, yaani utomvu unaokingwa kwenye kole (shada la maua ya mnazi), mgema akilishusha asubuhi kabla halijaanza kuchacha unaliweka jikoni linachemka mpaka linakuwa zito, rangi ya kahawia, linanata kwenye mwiko. Wazee wa pwani wanaijua. Ukitaka ndugu yake wa mbali basi ni sirapu ya maple ya Kanada na kule Vermont Marekani, wenzetu wanatoboa mti mwishoni mwa baridi wanakinga maji yake wanachemsha, na mti wao una sukari kidogo sana, lita 40 hivi za maji ndo wapate lita moja. Sisi mnazi umetupendelea, tembo zuri lita saba au nane linakupa lita moja ya asali.

Kupika watu wengi wanaweza. Kinachowashinda ni kuuza, madumu yamekaa uvunguni, majirani wote wameonja wote wamesifia, "aisee tamu hii", na hakuna aliyetoa hela. Sasa tuanzie hapo.

Mshindani wako sio sukari

Hili ukilielewa mapema utapunguza kuzunguka juani bure. Piga hesabu na mimi, namba za mfano tu wewe weka za kwako. Tuseme mgema anakupa tembo tamu kwa 1,000 lita, lita nane hiyo ni 8,000. Kuni 1,500. Ukigawa hiyo lita moja kwenye chupa nne za robo, chupa na vifuniko tuseme 1,600, lebo 400. Umeshafika 11,500 na bado hujajilipa wewe uliyekaa kwenye moshi tangu asubuhi. Yaani robo lita moja imekugharimu karibu 2,900 kabla ya jasho lako. Alafu unaenda kwa mama anayekaanga kaimati pale mtaani unamwambia aache sukari achukue yako, atakucheka, tena kwa heshima tu, atakwambia "mwanangu, mimi nauza kaimati za mia mia".

Kwahiyo usimfuate mtu anayetafuta utamu wa bei rahisi. Mfuate mtu ambaye tayari ananunua asali ya nyuki, au ananunua zawadi, au anauza kitu ambacho ukiongeza kijiko cha asali yako bei inapanda. Hao ndo wateja wako na wapo wengi tu Mtwara na Lindi, ila hawakai sehemu moja.

Na kwenye hiyo hesabu usisahau mnazi wenyewe. Kole linalogemwa halitoi nazi, mwenye shamba anajua hilo vizuri kuliko wewe, kama minazi sio yako lazima mkubaliane mapema atalipwa kwa mwezi au kwa lita. Mgema naye ana wateja wake wa kilabuni wanaomsubiri, tembo likikaa mpaka jioni linamlipa vizuri bila usumbufu, wewe unamwambia aoshe vibuyu, atie chokaa kidogo ndani ili tembo lisichache haraka, alishushe alfajiri, alilete hapohapo. Hiyo ni kazi ya ziada, mlipe zaidi ya bei ya kilabu. Ukimbania atakuletea lililolala na hapo ndo biashara inaharibika, kwa sababu ya jambo linalofuata.

"Hii si pombe?"

Utaulizwa. Utaulizwa Mikindani, utaulizwa Kilwa, utaulizwa na shangazi yako mwenyewe. Watu wetu wengi ni Waislamu na neno tembo kwao ni ulevi, hata asiye Muislamu akisikia tembo anacheka anauliza kama italewesha. Usikasirike na wala usijifanye mufti, eleza tu kazi inavyofanyika: tembo linaposhuka mtini likiwa bichi kwenye chombo kisafi ni maji matamu, ulevi unakuja likikaa masaa na chachu ikaanza kula sukari, wewe unalichemsha kabla ya hapo. Mwisho.

Maneno yanasaidia lakini macho yanasaidia zaidi. Kule Quebec msimu wa maple ukifika watu wanaenda na familia zao shambani kwenye vibanda vya kupikia, wanakula hukohuko na wanaondoka na makopo yao. Hii tuichukue kama ilivyo. Siku ya kupika waite watu, waite yule bibi anayeheshimika mtaani, mwite ustadhi wa madrasa kama mnajuana, aonje lile tembo bichi kama atapenda (asipopenda usimlazimishe), aone povu linavyoenguliwa, aone linavyogeuka rangi. Bibi mmoja akisema "nimeona kwa macho yangu, halina neno" umemaliza mtaa mzima, hamna tangazo la redio litakalofikia hapo.

Na tafadhali, chupa. Huku chupa za kioo ni tabu kupatikana kwahiyo watu wanaokota zile bapa za konyagi wanaosha wanajazia asali. Sasa umetoka kumwambia mtu sio pombe alafu unampa kwenye bapa! Agiza chupa za plastiki mpya zinazovumilia moto, za robo na nusu lita, kutoka Kariakoo, zinapanda basi zinafika, au waulize watu wa SIDO (shirika la viwanda vidogo) pale Mtwara au Lindi, wanajua nani ana vifungashio.

Kuhusu jina pia uwe muwazi. Andika "Asali ya mnazi" kwa herufi kubwa na chini yake "imepikwa kwa maji ya kole la mnazi, sio asali ya nyuki". Usipoandika hivyo mteja ataichovya njiti ya kiberiti aone kama itawaka, atatia tone kwenye glasi ya maji, atakupigia simu anasema umemuuzia feki, na kwa upande wake yuko sawa maana yeye alijua anapima asali ya nyuki.

Uzito wake uwe uleule kila siku

Hapa napita haraka maana hii sio makala ya kupika, ila mteja anayerudi anarudi kwa sababu chupa ya pili ilikuwa kama ya kwanza. Nunua kipimajoto cha jikoni. Sisi tuko usawa wa bahari, maji yanachemka nyuzi 100, asali yako ikifika 104 hivi ipua. Chini ya hapo itakuwa majimaji na itachachuka ndani ya chupa, mfuniko unaruka (nimeona ukuta wa duka uliopakwa asali, sio masihara). Ukizidisha sana inaganda chembechembe chini kama sukari guru. Ichuje ikiwa ya moto, jaza ikiwa ya moto, funga. Lita moja ina uzito wa kilo moja na robo na zaidi kidogo, kwahiyo kwenye lebo amua moja, unauza kwa ujazo au kwa gramu, usichanganye.

Sasa wateja wenyewe

Panda mgongoni mwa korosho. Hii ndo siri yangu kubwa na nitaikalia muda kidogo. Nani anatoka Mtwara kwenda Dar bila korosho? Hakuna. Kila anayepanda basi alfajiri kuna mtu Dar amemwambia "usisahau korosho", na pale stendi na barabarani akina mama wanaobangua wana pakiti zao tayari. Hawa akina mama ndo watu wako wa kwanza kabisa, kwa njia mbili. Ya kwanza, waambie wajaribu korosho za kukaanga zilizopakwa asali ya mnazi na chumvi kidogo, kiasi kinachoingia kwenye kilo ya korosho ni vijiko tu, kwahiyo gharama yako haiwaumizi, lakini pakiti inakuwa kitu kingine ambacho jirani yake wa meza ya pili hana na anaweza kuipandisha bei. Kashata za korosho vilevile. Ya pili, chupa ya robo isimame pembeni ya pakiti ya korosho, zifungwe pamoja kwenye kikapu kidogo cha ukindu au hata mfuko msafi wa karatasi, iitwe zawadi ya Kusini. Msafiri hana muda wa kufikiri, konda anapiga kelele, akiona zawadi imeshafungwa anatoa hela anaondoka.

Ongea na kikundi kimoja tu kwanza. Kimoja. Wape chupa chache, mkubaliane faida ya kila chupa ni ya nani kiasi gani, na kila wiki pitia mwenyewe usiagize mtoto. Kama uko upande wa Lindi basi sehemu ni Mnazi Mmoja pale Mingoyo ambapo njia ya Masasi inaachana na ya Mtwara, magari yanasimama watu wananunua vitu dirishani. Nangurukuru pia, na Somanga kule kwenye samaki. Dirishani chupa iwe ndogo na bei iwe namba nzima, mambo ya kutafuta chenji ya mia tatu basi limeshaanza kutembea unakimbia nalo, sio poa. Weka na lipa namba imeandikwa kwenye kadi kubwa inayoonekana.

Yule mama wa kaimati tuliyemuacha juu, usimtupe. Hatanunua kwa dumu ila ni mwonjeshaji mzuri kuliko wewe. Ijumaa jioni, au Ramadhani kila siku kabla ya futari, mwombe atenge sahani moja ya kaimati zilizopita kwenye asali yako badala ya shira ya sukari, wewe unampa hiyo asali bure, na pembeni anaweka vichupa vyako vitatu vinne, akiuza anachukua chake. Watu wa futari wana njaa, ladha inaingia mara mbili. Ramadhani yenyewe jiandae mapema kwa sababu uji, tambi, mkate wa kumimina, vyote vinataka utamu na watu mwezi huo wanakubali kutoa hela ya kitu kizuri. Ikiangukia kwenye mvua, na huku kwetu mvua ni kuanzia Desemba mpaka Aprili, mgema hapandi kila siku na tembo linaingia maji, kwahiyo stoo iwe imejaa tangu kiangazi.

Kuna na msimu wa hela. Anayeishi huku anajua, korosho zikianza kupigwa mnada kuanzia Oktoba na malipo yakianza kuingia kwenye akaunti za wakulima, Newala, Tandahimba, Masasi, Ruangwa, mtu aliyekuwa anakwambia "mwezi ujao" anakuita mwenyewe. Peleka mzigo wilayani wakati huo, usibaki mjini. Ila huko usiende na chupa za robo za zawadi, nenda na nusu lita na lita, ni watu wa familia kubwa wanataka kitu cha kukaa nyumbani.

Hoteli na nyumba za wageni. Mikindani, Msimbati, Kilwa Masoko wanapofikia wageni wanaoenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani. Mzungu chapati ya maji na sirapu ndo kifungua kinywa chake, anaijua toka utotoni, kwahiyo hapa huhitaji kueleza sana, sema tu ni sirapu ya mnazi ya hapahapa. Usiongee na mapokezi. Nenda saa nne asubuhi hivi baada ya chai kabla jiko halijachafuka na chakula cha mchana, omba kumwona mpishi, mpe kichupa kidogo na namba yako, mwambie ntapita Jumatatu, na Jumatatu upite kweli. Mpishi akiipenda atamwambia bosi. Mzigo wao sio mkubwa lakini ni wa uhakika, na omba uweke vichupa kwenye kaunta kwa ajili ya wageni wanaoondoka.

Maduka sasa, hapa mi nina wasiwasi wangu. Maduka mengi ya mjini watataka mali kauli, yaani uache mzigo wakiuza ndo wakulipe, na bidhaa isiyojulikana itakaa rafu ya juu kabisa inapigwa na jua. Kuna duka lilikaa na chupa za binamu yangu mpaka lebo zikapauka, na kila akienda anaambiwa mwenye duka kasafiri. Mali kauli sio dhambi ila weka kidogo, chupa sita hivi, andika kwenye daftari wasaini, weka chupa moja ya kuonja na vijiko, na ukiona haziendi zitoe uzipeleke kwingine bila ugomvi.

Dar waachie ndugu. Kila familia ya Kusini ina mtu Mbagala au Temeke, mtu huyo apokee boksi kutoka kwenye basi, asambaze ofisini kwake na kwenye magrupu ya watu wa nyumbani, wale waliokumbuka kwao wananunua hata kwa bei ya juu kidogo. Funga chupa kila moja na nailoni, simamisha wima, andika juu ya boksi, na mpe mtu wa mizigo namba mbili za simu. Na uwe na akiba ya mzigo hukohuko Dar, maana barabara yetu unaijua, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita njia ilikatika kule Somanga na mizigo ikalala.

Maonyesho ya Nanenane Ngongo pale Lindi usikose, sio lazima uwe na banda lako, omba meza kwenye banda la halmashauri yako au la SIDO. Lengo la Nanenane sio kuuza chupa zote. Lengo ni kuonjesha na kuondoka na namba za simu za watu wenye maduka, wapishi, na watu wa vikundi. Beba vijiko vya kutosha na ndoo ya maji, nzi na nyuki watakuja, funika.

Karatasi

Ukiuza kwa majirani hamna atakayekuuliza, ila hoteli, supamaketi na Dar wataulizia nembo ya TBS (Shirika la Viwango), na toka 2019 mambo ya vyakula yaliyokuwa TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, yamehamia hukohuko TBS. Njia ya mtu mdogo ni kuanzia SIDO mkoani, wanakufundisha usafi wa eneo la kupikia, wanakupa barua ya utambulisho kwenda TBS, na wajasiriamali wadogo wanaopitia hapo wamekuwa wakipunguziwa mzigo wa gharama. Jina la biashara unasajili BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kwa mtandao, TIN (namba ya mlipakodi) unaipata TRA bila malipo. Msimbomilia (barcode) zile zinazoanza na 620 ni za GS1 Tanzania, hizo usihangaike nazo mpaka supamaketi imekuambia inakutaka. Anza na jiko: sakafu isiwe ya vumbi, sufuria ya stenlesi, kitambaa cha kuchujia cheupe, nywele zimefungwa. Mkaguzi anaangalia hayo kabla ya kuonja.

Kwenye simu

Status ya WhatsApp inauza kuliko ukurasa wenye maua mengi. Piga video fupi, mgema anashuka na kibuyu, sufuria inachemka, asali inamiminwa juu ya mhogo wa kuchemsha. Hivyo tu, na bei iandikwe, hii tabia ya "njoo inbox" inafukuza watu. Kila anayenunua mwombe ruhusa umuweke kwenye orodha ya ujumbe, na ukipika upya watumie, "mzigo umetoka jana, chupa ziko thelathini", waliokwisha onja watajibu wenyewe.

Kitu kimoja usikiandike kamwe, eti inatibu kisukari. Utaona wenzako wanaandika na watakwambia ndo inauza. Asali ya mnazi kwa sehemu kubwa ni sukari ileile ya kawaida, mgonjwa akikuamini akaimimina kwenye uji kila asubuhi atalazwa hospitali ya Ligula na jina lako litaenda naye. Mgonjwa wa kisukari akikuuliza mwambie aongee na daktari wake, muuzie mwanae korosho.

Bei, ukishajua gharama yako ya kweli, panga mbili tu: ya anayenunua kuuza na ya anayenunua kula. Ya jumla ianzie chupa kumi na mbili, chini ya hapo hata akiwa shemeji ni rejareja. Mashemeji watanuna wiki moja alafu watarudi.